Pasta, Ni Kweli?

Maandiko ya kusoma: Mithali 20:14, Luka 14:28–30, Mathayo 5:37

Jumapili nilipotaja Mercedes pale madhabahuni, watu wote waliamka, hata wale ambao huwa wamefumba macho "wakiomba" wakati wa mahubiri. Kwa wale ambao hawakuwepo, wacha niirudie habari hiyo, maana inanihusu mimi kuliko inavyowahusu ninyi.

Ndugu mmoja wa kanisa letu, ambaye amenipa ruhusa nisimulie, ameendesha Probox ya kazi kwa miaka mingi. Mungu akabariki biashara yake, akataka kununua Mercedes-Benz E-Class iliyotoka Japani. Akaniambia, "Pasta, wewe umesomea mambo ya biashara. Twende ukanisaidie kupatana bei." Nikavaa shati safi, tukaenda yadi.

Bei ilikuwa 4,500,000. Ndugu yetu akamwambia muuzaji, kijana mpole tu, "Yadi nyingine wamenipa kama hii kwa milioni nne na laki mbili." Wapendwa, hakukuwa na yadi nyingine. Tulikuwa tumetoka nyumbani moja kwa moja. Kijana akanigeukia, akauliza, "Pasta, ni kweli?"

Sikusema neno. Niliitikia kwa kichwa tu. Kijana akaingia kwa bosi wake, akatoka, na laki tatu zikawa zimeshuka.

1. Kupatana bei si dhambi, kudanganya ndiko dhambi

Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayeponda bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akifika nyumbani anajisifu vile amepata dili. Sulemani alituona sokoni kabla hatujazaliwa! Bei ni maelewano, na hakuna mahali Biblia inakukataza kuuliza punguzo. Lakini Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo kamili, hata mezani pa muuzaji wa magari. Mimi ndiyo yangu niliitoa kwa shingo, nikadhani kwa sababu mdomo haukufunguka, sijasema uongo.

Mwambie jirani yako: hata shingo husema uongo.

2. Piga hesabu kabla hujaketi

Bei iliposhuka tukajiona washindi. Hapo ndipo kijana akauliza swali tamu: "Kwa mwezi mnaweza kulipa ngapi?" Ukishajibu swali hilo, umeacha kuzungumza juu ya bei ya gari. Unazungumza juu ya kile mfuko unaweza kuvumilia.

Tazameni. Ndugu alikuwa na 1,500,000 mkononi, kwa hivyo deni lilikuwa 2,700,000. Kwa miezi 36, angelipa kama 95,000 kila mwezi, jumla 3,420,000. Kijana akasema, "Tuongeze viti vya ngozi, rimu kubwa na skrini mpya, 180,000 tu, na malipo yako bado yatashuka hadi 70,000." Nani atakataa? Lakini karatasi ilisema miezi 60. Sasa zidisha: 70,000 mara 60 ni 4,200,000. Tofauti ni 780,000, na vitu tulivyoongeza ni vya 180,000. Zile laki sita nyingine ni bei ya kungoja. Na muda wote huo jina la benki liko kwenye logbook pamoja na lako.

Katika Luka 14, Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu kama atamaliza. Mnara wa gari haumaliziki siku ya kukabidhiwa funguo. Kuna bima kubwa ambayo benki itataka. Kuna servisi, na spea za gari kama hilo si za Probox. Andika kiwango chako ukiwa nyumbani, na mwenzi wako akione. Ukifika yadi, uliza bei yote, riba yote na miezi yote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Hizi nyongeza ni za nani?

Nilimuuliza ndugu swali moja: "Rimu hizi zitakusaidia nini Jumatatu asubuhi?" Akacheka, maana barabara ya kwake ina mashimo, na rimu kubwa huja na tairi nyembamba. Skrini gari lilikuwa nayo tayari. Viti vilikuwa safi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pasta, nadhani hizi nilikuwa nanunulia watu wa parking ya kanisa."

Wapendwa, sisemi gari zuri ni dhambi. Mtoto wa Mfalme aendeshe akiweza. Lakini kitu unachonunua ili wengine wakione, utalipa wewe peke yako.

Tulivyorudi

Hatukutia sahihi siku hiyo. Malipo yalikuwa yafanywe Jumanne, na Jumapili inayofuata nililetewa ombi la kulipaka gari mafuta. Usiku huo sikulala. Ningesimamaje mbele yenu niseme Bwana ametenda, ilhali tuliotenda ni mimi na shingo yangu?

Jumanne tulirudi pamoja. Nikamwambia kijana ukweli. Hakukasirika. Alisema, "Pasta, wateja wengi husema hivyo. Lakini mimi nilimwambia bosi ni kweli kwa sababu wewe ulikubali." Hayo maneno yaliniumiza kuliko matusi.

Ndugu yetu akaanza upya, bila uongo. Akaonyesha tairi zimezeeka. Zile tarakimu nne ubavuni husema wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Akasema pesa ya kwanza iko tayari leo. Akaomba nyongeza zote ziondolewe na deni libaki la miezi 36. Bei ikaishia 4,300,000. Ukweli ulitugharimu laki moja. Lakini kwa kuacha nyongeza na ile miaka miwili, ndugu ameokoa mara kadhaa ya hiyo.

Hata kama hangeokoa chochote, ningerudi. Na ndugu aliniambia vivyo hivyo.

Wiki hii wengine wetu tutapatana bei ya gari, wengine ya ploti, wengine ya sukuma wiki. Mtu akikugeukia akuulize, "Ni kweli?" kumbuka kwamba labda ataenda kuweka jina lake juu ya jibu lako.

Tuombe: Bwana, utusamehe ndiyo zetu za uongo. Utupe hekima ya kuhesabu, kiasi cha kuchagua, na ujasiri wa kurudi pale tulipokosea. Katika jina la Yesu. Amina.