Petro Klaveri na meli zisizokwisha

Sisi Wakatoliki tuna ugonjwa wetu wa novena. Siku tisa zikiisha na kazi haijapatikana, au mgonjwa hajainuka kitandani, tunamhama mtakatifu tuliyemwomba na kuulizana ni nani anayejibu upesi zaidi. Nikisikia mazungumzo hayo nje ya kanisa, humkumbuka Petro Klaveri, ambaye Nairobi wengi wanamjua kwa kanisa lake la Racecourse Road tu.

Alizaliwa Verdú, Hispania, mwaka 1580, akajiunga na Wajesuiti. Akiwa mwanafunzi kisiwani Mallorca alishikamana na bruda mzee, Alfonso Rodríguez, bawabu wa chuo, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango, mwaka nenda mwaka rudi. Bawabu huyo ndiye aliyemhimiza aende Amerika. Nafurahi kwamba mwalimu wake wa subira hakuwa mhubiri wa kujaza uwanja.

Mwaka 1610 alifika Cartagena, katika Colombia ya leo, bandari iliyokuwa soko kubwa la Waafrika waliotekwa. Meli ikitia nanga, Klaveri aliifuata kwa mashua pamoja na wakalimani wake, wamebeba mikate, ndimu, machungwa na tumbaku. Alishuka hadi ngamani, kwenye uvundo, ambako wagonjwa walilala karibu na maiti. Kwanza aliwalisha, akawafunika wenye homa kwa joho lake mwenyewe. Mahubiri yalisubiri. Nayo yalipofika, yalipitia kinywa cha mkalimani, Mwafrika ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa aliyenunuliwa na chuo cha Wajesuiti wenyewe.

Hapo ndipo ninaposita kila mara. Klaveri aliwatumikia watumwa, lakini hakuupiga vita utumwa wenyewe, na nyumba yake iliutegemea. Utakatifu wake haunilazimishi kulifumbia macho hilo.

Hata hivyo, mwaka 1622 aliweka nadhiri ya kuwa mtumwa wa Waafrika daima, na hiyo “daima” aliilipa kwa mwili wake. Meli moja ikipakuliwa, nyingine ilikuwa njiani. Watu aliowauguza leo waliuzwa kesho migodini na mashambani; akawa anawafuata huko, akilala kwenye vibanda vyao badala ya nyumba za mabwana. Hakuna siku aliyoweza kurudi chumbani akasema kazi imepungua. Miaka ikafika karibu arobaini.

Kisha ugonjwa ukamwangusha. Miaka minne ya mwisho alilala chumbani, mji umemsahau. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kuwa mtu aliyewekwa kumhudumia alimtendea ukatili na kumpunja chakula, naye hakumshtaki kwa mtu. Alikufa tarehe 8 Septemba 1654. Wakuu wa mji, waliokuwa wakikerwa na huruma yake kwa watumwa, wakaamuru azikwe kwa fahari na kwa gharama za mji. Meli ziliendelea kuja. Colombia ilifuta utumwa mwaka 1851.