Hodi Ndani ya Mshipa

Mgonjwa amelala chali, macho wazi. Mrija umeingilia kwenye kifundo cha mkono, ukapanda mkono mzima, ukapita begani, ukafika penye mlango wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Upana wa mishipa hiyo ni milimita tatu, nne. Ndani yake imelazwa katheta nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Kwenye ncha yake kuna kitu kidogo kinachopiga hodi. Kinatetema kwa kasi ya mara milioni 40 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia elfu 20. Kinapiga, kinanyamaza, kinangoja. Ukuta wa mshipa unaitika.

Majibu hayo huchora duara kwenye skrini, kama shina la mti lililokatwa: pete ng'avu, pete nyeusi, pete ng'avu tena. Katikati damu inametameta, mchanga mwembamba ndani ya maji yanayokwenda. Palipo na chokaa mwangwi hurudi mkali, na nyuma yake hubaki kivuli. Sauti imegota hapo. Kivuli hicho ndicho hunikaa machoni.

Katheta huvutwa nyuma kwa mota, nusu milimita kila sekunde. Sentimita sita ni dakika mbili nzima.

Eksirei huonyesha njia ya damu tu, na pengine njia huonekana pana, safi. Hodi ya ukutani huleta habari nyingine: mafuta yamejikusanya humo miaka na miaka, na mshipa umejitanua kwa nje, ukaipisha damu. Mwaka 1987, Seymour Glagov na wenzake wa Chicago, baada ya kuchunguza mioyo 136 ya marehemu, walieleza kwamba mshipa huweza kujitanua hivyo mpaka uchafu ule ufikie kama asilimia 40 ya eneo lake. Kisha nafasi huanza kupungua.

Nani aliuagiza mshipa ujitanue? Mwenyewe alikuwa usingizini, au sokoni akibishania bei ya mchicha. Huku ndani, kimya kimya, mtu anapishwa aendelee kuishi, na hajui wa kumshukuru.

Mrija umeshatolewa. Kifundo cha mkono kimebanwa, damu isitoke. Mgonjwa anageuza shingo, anauliza kwa upole kama wameshaanza.