Siwezi na Haiwezekani

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo watu huyatumia kama kwamba ni ndugu wa tumbo moja, kumbe hata ujirani hayana. La kwanza ni "siwezi". La pili ni "haiwezekani". Asemaye "siwezi" asema habari za nafsi yake: urefu wa mkono wake, uchache wa fedha zake, kadiri ya maarifa yake. Asemaye "haiwezekani" asema habari za ulimwengu mzima. Nataka kuuliza katika insha hii kwa nini twapenda kutoa hukumu mahali palipotaka ungamo, na ni kosa gani lililomo katika kufanya hivyo. Sitaanza na wanafalsafa. Nitaanza na pampu ya maji ya gari langu.

Gari hilo lilikuwa kuukuu nilipolinunua. Pampu ilipoanza kuvuja, fundi mmoja wa hapa Kisumu alinitajia bei ya haki, lakini sikuwa nayo. Mshahara wa mwalimu huzijua njia zake kabla haujafika. Basi nikanunua pampu, nikaazima spana kwa jirani, nikaamua kuitia mwenyewe nyumbani siku ya Jumamosi, chini ya mwembe. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu, nilimpa kazi ya kushika kurunzi.

Msomaji asiyepata kufungua injini ya namna hii yafaa aelezwe. Katika magari mengi madogo injini imelazwa kwa upana, si kwa urefu wa gari. Mtindo huo ulienea sana baada ya gari dogo la Kiingereza liitwalo Mini, lililotoka mwaka 1959, ambalo mbunifu wake alikuwa Alec Issigonis. Shabaha yake ilikuwa njema: abiria wapate nafasi ndani ya gari fupi. Nao waliipata. Lakini nafasi haiumbwi na mtu; huhamishwa tu kutoka kwa huyu ikapewa yule, na sehemu ya nafasi waliyopewa abiria ilinyang'anywa mikono ya mafundi. Upande wa mkanda, baina ya injini na bodi, mwanya aghalabu hautoshi ngumi. Nimepata kujiuliza kama mchoraji wa gari ana deni kwa mtu asiyemjua, atakayelala chali chini ya gari hilo miaka ishirini baadaye. Naona analo. Lakini deni lake halikunifutia langu.

Pampu yangu ilishikwa na bolti sita. Tano zilirudi mahali pake bila taabu kubwa. Ya sita ilikaa nyuma ya kishikizo cha injini, mahali ambapo jicho halifiki, wala kioo hakisaidii. Vidole ndivyo vinavyoona huko. Nilijaribu tangu saa tano hata saa tisa. Bolti iliniponyoka, nikaitafuta kwa sumaku, ikaniponyoka tena. Kiganja kilichubuka, shingo ikakakamaa. Mara moja kijana alisema kwa adabu, "Mjomba, mkono wangu ni mwembamba. Hebu nijaribu."

Nikamjibu, "Hii si kazi ya watoto. Shika taa."

Ilipotimia saa kumi nilisimama nikasema kwa sauti, kama jaji, "Haiwezekani. Hapafikiki hapa." Nikapaka gundi ya kuzibia maradufu, nikaitia bolti ya sita mfukoni, nikafunga kazi.

Usiku ule nilijipa hoja, tena hoja za mtu aliyepita chuo cha ualimu. Nilisema kwamba gari ni langu, na hatari yake ni yangu. Hoja hiyo haikumaliza juma, maana katika mtaa wetu gari ni la mtu mmoja mchana tu. Usiku, mtoto wa jirani akishikwa na homa, ni la kila mtu. Nikasema kwamba hapana atakayeona. Nayo ilikuwa uongo: aliona yule aliyeshika kurunzi. Hoja ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu. Nilisema kwamba waundaji huongeza nguvu kupita haja, na bolti tano zatosha. Na kweli zilitosha. Gari lilikwenda miezi minane, likapanda kilima cha Riat kwenda Maseno mara nyingi, na mshale wa joto haukutikisika. Ikiwa jambo halikumdhuru mtu, kosa li wapi?

Swali hili lilinisumbua kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Sina budi kukiri kwamba kama kosa hupimwa kwa madhara tu, basi mimi sikukosa. Lakini nilikuja kuona kwamba kosa lilitangulia kazi yenyewe. Lilikuwa katika lile neno. Lau ningalisema "mimi siwezi", swali lingalifuata lenyewe: ni nani basi awezaye? Naye alikuwa kando yangu, hatua moja, na taa mkononi. Niliposema "hapafikiki" nilimwondoa yeye, nikajiondoa mimi mwenyewe, nikabakiza injini peke yake kuwa mkosaji.

Lugha yetu hutupa nafasi ya kufanya hivyo. Twasema kikombe kimevunjika, na katika neno hilo hamna mkono wa aliyekivunja. Twasema mlango haufunguki, jambo halifanyiki, deni halilipiki. Ni maneno ya lazima, wala sitaki yaondolewe. Iko milango isiyofunguka kweli. Ila ni mahali pazuri pa kujificha. Katika chumba cha walimu nimesikia ikisemwa juu ya mwanafunzi, "Huyu hafundishiki," na mara mbili au tatu msemaji nilikuwa mimi. Sasa nikimkumbuka kila mmoja wa watoto hao nashindwa kusema kwa yakini kama palikuwa pameishia akili yake au palikuwa pameishia mkono wangu.

Mji huu wa Kisumu wapaswa kujua mambo haya kuliko miji mingine. Reli ilifika ufukoni mwa ziwa mwaka 1901, na baadaye zikaja meli ambazo hazikuja kwa maji. Usoga na Rusinga ziliundwa Uskoti katika miaka ya 1910, kila kipande kikatiwa namba, zikafunguliwa, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapandishwa reli, zikaunganishwa hapa. Mabamba ya meli za chuma za zama hizo yalishikwa kwa misumari ya ribiti, na ribiti haipigwi na mtu mmoja. Huchomekwa ikiwa nyekundu kwa moto. Mtu wa ndani ya tumbo la meli hukandamiza kichwa chake kwa chuma kizito, na wa nje huipiga nyundo ncha yake hata ikafutuka. Wa nje hamwoni wa ndani. Mkono wake haufiki huko, naye ajua kwamba haufiki. Ndiyo sababu pana mtu ndani. Nikipita bandarini humfikiri huyo wa ndani, katika joto na giza, na kelele zile masikioni mwake.

Mwezi wa nane baada ya matengenezo yangu alikuja mchuuzi wa samaki kutoka Dunga akitaka kulinunua gari. Alilizunguka, akaliwasha, akalisikiliza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi si fundi. Nitakuamini wewe. Gari hili ni zima?"

Mpwa wangu alikuwa amekaa kizingitini na kitabu chake. Aliacha kufunua kurasa.

Nikamwambia mchuuzi, "Nipe hadi kesho jioni."

Asubuhi, injini ikiwa baridi, niliitoa ile bolti sandukuni nikampa kijana. "Mimi siwezi," nikamwambia. "Jaribu wewe." Alilala juu ya bodi, akaingiza mkono hata kiwikoni, akafumba macho. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka jikoni aliposema, "Imeshika, Mjomba." Akaikaza kwa spana fupi, kidogo kidogo, akautoa mkono wake mweusi kwa grisi.

Mchuuzi aliporudi jioni, kijana alimwahi kabla sijamsalimu. "Bolti moja ilikuwa haipo," akasema kwa furaha. "Nimeitia mimi leo."

"Haikuwapo tangu lini?" akauliza mchuuzi.

Kijana alinitazama mimi.

"Tangu mwaka jana," nikasema.

Mchuuzi alinyamaza kitambo. Kisha akakunja mkono wa shati, akainama, akajaribu kuingiza mkono katika ule mwanya aihakikishe mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mnene kuliko wangu, haukufika.