Mtoto wa Nyangumi na Mfereji wa Eagan

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe wa nchi kavu na wa baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu mlio upande wa pili, nanyi watoto mliokaa huko nyuma: nawausia, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, tumche Allah.

Jumapili iliyopita darasani tulisoma kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake. Tulipofika pale anapomezwa, mtoto mmoja wa miaka minane akanyoosha mkono. Nilidhani atauliza mtu anapumuaje ndani ya tumbo, maana hilo huulizwa kila mwaka. Yeye akasema: "Ustadhi, yule nyangumi alikuwa na mtoto? Alimwacha na nani?" Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Jibu lenyewe ndilo hili, na wakubwa tulisikilize, kwa sababu na sisi tumo ndani yake.

Qur'ani imemwita huti. Baadhi yetu tulihadithiwa na bibi zetu kwamba ni chewa, wengine nyangumi, sitabishania jina. Ninachotaka tukishike ni kwamba kiumbe yule alipewa mwanadamu, akaamrishwa asimdhuru, akatii, akamtapika ufukweni akiwa hai. Alibeba amana yetu akairudisha. Mwana wake yeye yuko mikononi mwa nani leo?

Nyangumi si samaki, ingawa anaishi na samaki. Ana mapafu kama yetu, hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja na humnyonyesha. Wale wenye kibyongo, ambao hupita mbele ya pwani ya Kenya, Unguja na Pemba kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, hutoka kwenye maji ya barafu ya kusini kabisa mwa dunia, wakaja kuzaa kwenye maji yetu ya vuguvugu. Mliokulia Watamu au Kizimkazi huenda mmewaona wakiruka nje ya mwamba. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita nne na kitu, uzito unaokaribia tani moja. Utasema mkubwa hivyo ataogopa nini? Lakini ni mchanga kweli. Mama yake aweza kukaa chini robo saa na zaidi. Yeye dakika chache tu zikipita lazima apande juu avute pumzi. Na mama mwenyewe, miezi yote ile ya kuzaa na kunyonyesha, hali karibu chochote. Chakula chake amekiacha kusini. Anayeyusha mafuta ya mwili wake kuwa maziwa, na kila anapokimbizwa bure na maboti, akiba ile inapungua. Anayepunjwa ni mtoto.

Ana maadui aliozaliwa akawakuta: papa wakubwa, na orka, ambao huwinda kwa makundi, wakamtenga mtoto na mama yake na kumzuia asipande juu kupumua. Hao sitawalaumu. Wanatafuta riziki waliyoandikiwa.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha jambo ambalo tangu nilisome halijanitoka. Katika ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, waliwabandika watoto wa nyangumi wenye kibyongo vinasa sauti vidogo, wakasikiliza. Wakakuta watoto wale wananong'ona. Nyangumi dume akiimba husikika kilomita nyingi. Mtoto na mama yake huitana kwa sauti ndogo sana, ambayo ukisogea mbali kidogo huipati tena. Watafiti wanaona kuwa ni stara: orka asisikie akajua pa kuja. Subhanallah! Kiumbe wa tani moja anamwita mama yake kama mtoto anayeogopa kuamsha nyumba.

Sisi wa Eagan, hapa Minnesota, kelele tunaijua. Ndege za uwanja wa Minneapolis–Saint Paul zinapita juu ya mapaa yetu, na watu wa hapa wamejifunza kunyamaza katikati ya maneno, ndege ipite, ndipo mazungumzo yaendelee. Hata juu ya mimbari hii nimewahi kungoja. Lakini mama wa hapa akinyamaza, mtoto wake bado anamwona. Kule chini mwanga ni haba. Sauti ndiyo mkono wa kumshikia mtoto. Meli kubwa ikipita na mngurumo wake, mnong'ono unamezwa, na hakuna anayejua kwamba pale palikuwa na mazungumzo.

Mtu atasema: Ustadhi, sisi tuko katikati ya bara, bahari iko wapi na Eagan iko wapi? Swali hilo nalitaka.

Mvua ikinyesha hapa, maji ya barabarani huingia kwenye midomo ile ya chuma kando ya njia. Wengi wetu tunadhani yanakwenda kusafishwa kama maji ya chooni. Hayasafishwi hivyo. Yanakwenda kwenye mabwawa na maziwa yetu haya, na mengine kwenye mto Minnesota. Mto Minnesota unaungana na Mississippi pale Fort Snelling, mahali ambapo Wadakota, wenyeji wa ardhi hii, wanapaita Bdote. Kisha maji yanapita Saint Paul, yanapita St. Louis, yanapita Memphis na New Orleans, mpaka Ghuba ya Meksiko. Ukitupa kitu kwenye mfereji wa hapa, umekipa nauli ya kwenda baharini.

Na katika ghuba ile yuko nyangumi ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Ni mwaka 2021 tu wataalamu walipothibitisha kuwa ni spishi ya peke yake, wakamwita nyangumi wa Rice, kwa jina la mtaalamu Mmarekani aliyewatambua katika ghuba hiyo miaka ya 1960. Makadirio ya serikali yanasema wamebaki kama 50. Hesabuni safu za msikiti huu leo. Sisi tuliokaa hapa ni wengi kuliko umma ule mzima. Na nasema umma kwa sababu Allah mwenyewe, katika Suratul An'am, ametujulisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

Jamii ya watu 50 haina mtoto wa kupoteza. Usiku nyangumi hawa hukaa karibu na uso wa maji, mahali ambapo meli haziwaoni. Mwaka 2009 jike mmoja alikutwa amekufa katika ghuba ya Tampa, Florida, amevunjwa na kishindo cha meli. Walipompasua wakakuta alikuwa ananyonyesha. Aprili 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka, wakafa wafanyakazi 11, na mafuta yakamwagika siku 87. Yalitanda juu ya karibu nusu ya eneo la nyangumi hawa. Wataalamu wa serikali walikadiria kuwa jamii yao ingepungua kwa asilimia 22, na kwamba baadhi ya majike wasingezaa tena salama. Kisha Januari 2019 dume mmoja wa mita 11 na zaidi akakwama Florida, karibu na Everglades, akafa. Tumboni mwake kulikuwa na kipande cha plastiki ngumu, chenye ncha, kisichofika hata urefu wa kidole. Mifupa yake iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, na ndiyo waliyoitumia kuwapa wenzake jina.

Sitaki kusema uongo juu ya mimbari. Sisemi kipande kile kilitoka Eagan. Na ile sehemu ya ghuba ambayo kila kiangazi hukosa hewa kwa sababu ya mbolea inayoletwa na Mississippi, iko mbele ya Louisiana, ilhali nyangumi hawa wengi wako mashariki zaidi. Lakini ni nani kati yetu, ambaye kifuniko cha chupa kimewahi kumponyoka kwenye maegesho akakiacha kibingirike, anayeweza kuapa kwamba hakijafika?

Ndugu zangu mtakaosema hilo ni la Wamarekani wenye viwanda, tuje kwetu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti juu ya nyavu za kutega jodari katika Bahari ya Hindi. Ulikadiria kwamba tangu 1950 nyavu hizo zimenasa pomboo na nyangumi wadogo zaidi ya milioni nne. Na nchi zinazotajwa mbele katika hesabu hiyo, nyingi ni nchi ambazo adhana inasikika: Iran, Indonesia, Pakistan, Oman, Yemen, Tanzania nayo imo. Mnyama mwenye mapafu akinaswa kwenye jarife hafi kama samaki. Anakufa kwa kukosa pumzi, na mtoto ndiye wa mwanzo, kwa kuwa pumzi yake ni fupi.

Jamaa zetu walioko Oman wana nyangumi wenye kibyongo wa aina ya pekee, wasiohama kwenda kwenye barafu kama wengine. Wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Mmoja wao, jike waliyempa jina Luban kwa sababu alama za mkia wake zinafanana na mti wa ubani, alifuatwa kwa setilaiti mwaka 2017 akivuka bahari mpaka kusini mwa India. Wangekuwa wengi zaidi, ila katikati ya miaka ya 1960 meli za Kisovieti ziliua 242 kwa siri katika bahari ile, na wengine walikuwa na mimba. Linganisheni na kisa mnachokijua, cha masahaba 300 chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah, waliobaki na tende moja moja kwa siku, mpaka bahari ikawatolea mnyama mmoja mkubwa, wakala wakaokoka. Halali ile ilikuwa riziki ya wenye njaa. Kupasua matumbo yenye watoto, kisha kuficha hesabu, kuna jina jingine.

Wala mvuvi simgeuzi adui. Baba yangu alilea watoto saba kwa pesa ya samaki. Na dawa nyingine si ngumu: wavuvi wa Pakistan walipofundishwa kushusha nyavu zao mita mbili tu chini ya uso wa maji, pomboo na nyangumi wanaonaswa walipungua sana, na jodari waliendelea kupatikana. Mita mbili, ndugu zangu. Wenye jamaa wanaovua huko nyumbani, wapigieni simu muwaambie.

Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa safarini. Masahaba waliona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua. Mama akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume alipomwona akauliza nani amemtia uchungu huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Aliusikia uchungu wa ndege ambaye masahaba wote walikuwa wamempita. Sisi uchungu wa mama aliye chini ya maji hatuusikii, lakini tumeambiwa habari zake, na aliyeambiwa hana udhuru wa asiyejua.

Kwa hiyo nimjibu mwanafunzi wangu. Mwanangu, kama yule huti alikuwa na mtoto, Aliyemwamuru mama ndiye aliyemlinda mtoto. Lakini watoto wa leo Allah ameacha sehemu ya ulinzi wao kwetu, naye atatuuliza.

Nataka tulifanye jambo moja wiki hii. Mmefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Njia ya maji nayo ni njia, na wanaoipita ni wengi. Hapa Minnesota upo mpango ambapo mtu hujiandikisha kuutunza mdomo wa mfereji mmoja ulio karibu naye: anazoa majani wakati wa vuli, anaokota takataka kabla ya mvua. Kila familia iliyomo humu ijichukulie mmoja. Watoto ndio wauandikishe, ili wajue jina la mto unaopita mlangoni kwao na pale unapoishia. Wenye nyasi mbele ya nyumba, mbolea iliyomwagika barabarani ifagieni muirudishe, msiipige maji kwa mpira ikaingia mferejini.

Na leo, baada ya swala, kabla hujawasha gari: kuna mdomo wa mfereji pale kona ya maegesho, upande wa kulia ukitoka. Nimeupita asubuhi. Kuna vikombe vitatu, mfuko mmoja, na chupa ya maji iliyobaki nusu. Ni vyetu. Aliye karibu avichukue.