Nani Anamlisha Shahidi?

Jioni moja ya Jumapili, nikiwa mchungaji wa usharika mmoja mkoani Iringa, nilituma ujumbe ambao naujutia mpaka leo. Kwaya yetu ya vijana ilikuwa njiani kurudi kutoka kwenye tamasha Morogoro. Kwenye simu yangu ikaingia video ya basi lililopinduka kwenye mteremko mkali, na maneno chini yake kwamba ni ajali ya Kitonga, imetokea sasa hivi, na basi ni la kwaya. Nikampigia mwalimu wa kwaya, hapatikani. Nikampigia mwenyekiti wa vijana, hapatikani. Anayeujua Mlima Kitonga anajua kwamba habari ya ajali pale haimshangazi mtu. Sikusubiri. Nikaituma video ile kwenye kundi la wazee wa kanisa, nikaongeza: "Wapendwa, tuingie kwenye maombi."

Haikupita nusu saa, video ikawa imefika kwenye kila nyumba yenye kijana katika ile kwaya. Mama mmoja mjane, ambaye binti yake wa pekee alikuwa safarini, alipandwa na shinikizo la damu akakimbizwa hospitali. Kwaya ilifika saa nne usiku, wazima wote. Basi lao lilipasuka tairi kabla ya Ruaha Mbuyuni, wakakaa muda mrefu mahali ambapo simu zao hazikushika mtandao. Ile video, kama kijana mmoja alivyonionyesha baadaye, ilikuwa ya miaka ya nyuma na ya nchi nyingine kabisa.

Nilikwenda hospitali kumwomba yule mama msamaha. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Mchungaji, wangenitumia watu wengine ningeuliza. Niliamini kwa sababu imetoka kwako."

Siku zilizofuata nilijifunza mambo mawili. La kwanza, ukurasa ulioianzisha video ile ulikuwa umejaa ajali, misiba na vita, na karibu kila video ilitanguliwa na tangazo la kubashiri mpira. Mwenye ukurasa hakuwa na ugomvi wowote na kwaya yetu. Alitaka watazamaji, kwa sababu watazamaji ndio wanaoleta tangazo, na tangazo ndilo linaloleta fedha. Hofu yetu ya usiku mmoja ilikuwa bidhaa. La pili, mtu aliyetuletea habari ya kweli usiku ule, kabla kwaya haijafika, alikuwa binti mmoja anayeripotia redio hapa mkoani. Alichukua bodaboda kutoka Ilula mpaka Kitonga, akaangalia, akauliza madereva, akapiga simu kusema barabara ni shwari. Nauli ile ilikuwa yake na hakurudishiwa. Wala habari yake haikutangazwa, kwa kuwa ajali ambayo haikutokea si habari.

Aliyeeneza uongo alilipwa, na aliyekwenda kuangalia alilipa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama jambo hili ni la biashara tu, au ni la imani pia.

Sisi tuliopita darasa la kipaimara tunaijua amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi tunaishia kwenye katazo. Luther hakuishia hapo. Katika Katekisimo Ndogo, kama anavyofanya kwenye amri nyingine, anatuonyesha na upande wa pili: tunadaiwa kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyapokea mambo yake kwa nia njema. Kwa hiyo nikisema, "Mimi sikutunga uongo, nilipitisha tu," bado sijaitimiza amri. Jirani ananidai ukweli juu yake. Nao ukweli haujileti wenyewe. Lazima mtu aende, aone, aulize, kisha arudi aseme. Mtu huyo anakula, anapanda gari, ana kodi ya nyumba na watoto wa shule. Swali la nani anamlisha shahidi limo ndani ya amri ya nane, hata kama hatukulisoma pale tulipokuwa vijana.

Biblia inalijua swali hili. Katika 1 Wafalme 22, Ahabu anataka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Ana manabii wapatao 400, na wote kwa sauti moja wanamwambia aende, atashinda. Yehoshafati anauliza kama hakuna mwingine. Yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini mfalme anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mjumbe anayetumwa kumwita anamshauri njiani aseme kama wenzake walivyosema. Mikaya anakataa, anasema alichoonyeshwa, na mfalme anaagiza atiwe gerezani na kulishwa mkate na maji ya shida. Angalia kwamba Ahabu hakukosa watu wa kumpa habari, alikuwa nao 400. Alichokosa ni shahidi mmoja ambaye riziki yake haikutegemea kumfurahisha.

Katika nchi yetu swali la mwenye chombo si geni. Gazeti la The Standard, lililoanza mwaka 1930 kama Tanganyika Standard, lilikuwa mali ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza mpaka Februari 1970, Mwalimu Nyerere alipolitaifisha. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likawa Daily News. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio na televisheni binafsi, walikuja wamiliki wafanyabiashara, akiwemo marehemu Reginald Mengi, Mlutheri mwenzetu, kwa ITV na Redio One. Leo Iringa wanasikiliza Ebony FM na Mbeya wanasikiliza Bomba FM, na watangazaji wake ni watu tunaokutana nao sokoni.

Kanisa nalo limewahi kumiliki. Mwaka 1963, mwaka uleule KKKT lilipozaliwa, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianza kurusha matangazo ya Redio Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, vikasafirishwa Ethiopia, na kutoka huko vikarudi hewani mpaka kwetu. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitaifisha redio ile. Kazi ya miaka 14 ikapata mwenye mpya, na mitambo ileile ikaanza kusema maneno mengine.

Kila mmoja wa wenye vyombo hawa alikuwa na udhaifu wake. Mfanyabiashara humwogopa mteja wake, serikali huogopa kukosolewa, na kanisa hupenda kusifiwa. Lakini tulijua jina la mwenye chombo na mlango wa ofisi yake, na tuliweza kwenda kulalamika. Tena kulikuwa na mpango wa kumlisha shahidi. Matangazo ya zabuni, minada, tanzia na sabuni ndiyo yaliyolipa mshahara wa mwandishi aliyekwenda vijijini. Msomaji wa gazeti alichangia bila kujua nauli ya mtu wa kwenda Makete au Chunya.

Mpango huo ndio unaobomoka. Mwaka 2012 Facebook iliinunua Instagram kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 1, na mwaka 2014 ikainunua WhatsApp kwa dola zipatazo bilioni 19. Kampuni hiyo, inayoitwa Meta sasa, hupata karibu mapato yake yote kwa kuuza matangazo. Mwenye duka la nguo Mwanjelwa, ambaye zamani angelipia tangazo redioni, leo analipa kidogo kwenye mtandao na tangazo linawafikia watu wa Mbeya anaowataka. Simlaumu, ana haki ya kutafuta njia nafuu. Lakini fedha ile haimfikii tena mwandishi wa Mbeya. Imekwenda kwa mwenye chombo asiyemtuma mtu yeyote kwenda kuangalia chochote, ambaye chombo chake hakiulizi kama video ni ya kweli kabla ya kuiwekea tangazo.

Na mwenye chombo huyo ana nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 Kanada ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mitandao zivilipe vyombo vya habari. Meta ikajibu kwa kuziondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Agosti ya mwaka huo moto wa misitu uliwalazimisha wakazi wa mji wa Yellowknife, watu wapatao 20,000, kuuhama mji wao, na wakiwa njiani hawakuweza kutumiana kwenye kurasa hizo taarifa za vyombo vya habari kuhusu moto. Kama nchi tajiri imefanyiwa hivyo, sisi tusijidanganye kwamba uwanja huu ni wetu kwa sababu tunauingia bure.

Hata hivyo sitaki kuihukumu simu peke yake. Mkulima wa parachichi Rungwe ameitumia kumpata mnunuzi bila dalali. Na uongo ulikuwa unaua kabla ya mitandao. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji kwa uvumi kwamba ni wanyonya damu. Uvumi ule ulipita mdomo kwa mdomo. Hata mashine ya kuchapa, ambayo Walutheri tunapenda kuishukuru kwa kuyasambaza mafundisho ya Matengenezo, ilichapa vyeti vya msamaha wa dhambi tangu miaka ya 1450, muda mrefu kabla ya Luther kuandika hoja zake 95 mwaka 1517. Chombo hupokea kazi ya yeyote anayelipa. Ndiyo maana inatupasa kuuliza nani analipa.

Hapo lazima nilitazame kanisa langu. Tunapokuwa na harambee au kuwekwa wakfu kwa jengo, tunawaalika waandishi, na mwisho wa ibada mtu anapita nyuma na bahasha. Tunaiita nauli. Kila mtu anajua kwamba bahasha ile inanunua habari nzuri, na kwamba mwandishi anaipokea kwa sababu wengi wao hulipwa kwa idadi ya habari, tena kwa kuchelewa. Kisha siku mwandishi yuleyule anapouliza kuhusu fedha za ujenzi, tunamwona ni adui wa kazi ya Mungu. Kwa bahasha zetu tunaongeza idadi ya wale 400. Nimetoa bahasha hizo kwa mkono wangu, na sikumbuki kuwahi kujiuliza ninanunua nini.

Mkoani kwetu tunajua gharama ya ushahidi. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, aliuawa akiwa kazini, wakati polisi walipokuwa wakitawanya mkusanyiko wa kisiasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Simtaji Mwangosi ili nifufue ugomvi wa siasa. Namtaja kwa sababu alikuwa Nyololo. Hakupata habari ya Nyololo kwa kutumiwa, alikwenda. Na waandishi wenzake walikuwepo pia, ndiyo maana tunajua kilichompata.

Tufanye nini basi? Siamini kwamba kanisa litashindana na kampuni za mabilioni, wala kwamba kila dayosisi ikiwa na redio yake tutakuwa tumemaliza. Lakini amri ya nane haidai mabilioni. Inadai kwamba kabla sijapitisha habari ya jirani nijue nani alikwenda kuona, na kama simjui, ninyamaze. Maombi yanaweza kuanza bila video, kwani Mungu hahitaji kuonyeshwa picha.

Inadai pia tutoe. Usharika unaweza kulipia matangazo yake kwenye redio ya mkoa waziwazi, kwa stakabadhi, kwenye bajeti ambayo washarika wanaiona, na kuiacha ile bahasha. Mzee wa kanisa anaweza kununua gazeti hata kama kichwa cha habari amekwisha kukisoma simuni. Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha kanisa letu, kimefundisha vijana uandishi wa habari, na vijana hao wanapotuuliza maswali magumu tuwajibu, maana sisi ndio tuliowasomesha kuuliza. Na katika maombi ya kanisa, tunapowaombea viongozi na wagonjwa, tuwataje na wale wanaokwenda kuona kwa niaba yetu.

Yule mama mjane bado ni mshiriki wa usharika ule. Nikipita kuwasalimu hunikaribisha chai, na nikianza kumsimulia jambo lolote hunikatiza kwa swali moja: "Umeona, Mchungaji, au umetumiwa?" Mara nyingi inabidi nijibu kwamba nimetumiwa. Basi hunimiminia chai, tukaongea mengine.