Deni la Anayehesabu Miti

Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Okapi, kuna hekta 40 ambamo tangu mwaka 1994 kila mti wenye kipenyo cha sentimita 1 au zaidi hupimwa, hupewa namba na kuwekwa kwenye ramani. Baada ya miaka kadhaa wapimaji hurudi kuanza upya: upi umekufa, upi umenenepa, upi umechipuka. Kazi kama hiyo ilianzia kisiwa cha Barro Colorado, Panama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo taasisi ya Smithsonian ya Marekani inaiunganisha katika nchi nyingi.

Je, ni haki kuhesabu miti mahali ambapo watu wanakimbia risasi? Juni 2012 wanamgambo walivamia Epulu, makao ya hifadhi hiyo, wakaua watu na okapi 14 waliotunzwa pale. Wapo watakaosema fedha za kupimia miti zingenunua dawa. Siwabezi, mwenye mgonjwa nyumbani hana muda wa vipenyo.

Hata hivyo nadhani wanakosea. Kule Lenda, sehemu moja ya eneo hilo, mbau umetawala karibu peke yake. Edoro miti imechanganyika. Hali hiyo ikianza kugeuka, itageuka polepole mno, kiasi kwamba hata anayepita chini ya miti hiyo kila siku hataona. Ataona aliyeandika miaka 20 iliyopita. Bila maandishi hayo, atakayenyang’anywa msitu wake hataweza kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa nao.

Ila ushahidi una mwenyewe. Wambuti waliijua miti hii kwa majina kabla haijapigwa namba, na matokeo yake husomwa zaidi katika majarida ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Bunia, aliyesomeshwa kwa Kifaransa na anayeongea Kiswahili sokoni, anasoma habari za msitu wa kwao kwa lugha ya tatu. Mbuti wa Epulu hasomi kabisa. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, wala si katika kupima.

Kwa hiyo ningedai jambo moja: kabla ya hesabu nyingine kuanza, matokeo ya ile iliyopita yasomwe hadharani Epulu na Mambasa, kwa Kiswahili, na wasikilizaji waruhusiwe kuuliza maswali.