Mgongoni, Milima Hukutana

Wahenga walisema milima haikutani, na bila shaka walisema hivyo wakiwa bondeni. Anayeanza alfajiri kupanda Loleza, juu ya jiji la Mbeya, akaufuata mgongo wa safu mpaka Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, jioni atakuwa na maneno mengine: milima imeshikana mabega, na sisi wa chini ndio tuliotengana. Matembezi ya namna hii yanazidi kupendwa na vijana, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kilele. Watu hupanda, hupiga picha, huteremka, wakidhani mlima ni ncha yake. Kilele kinakuonyesha umefika wapi. Mgongo unakuonyesha maji yanakwenda kwa nani, na hilo ndilo linalostahili jasho la siku nzima.

Tazama milima ya Uporoto. Mvua ya upande mmoja hushukia bonde la Usangu na kuingia Mto Ruaha Mkuu. Ya kusini hufika Ziwa Nyasa, ikatoka kwa Mto Shire hadi Zambezi na kumwagikia baharini Msumbiji. Ya magharibi huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Matone ya wingu moja hapo huagana moja kwa moja. Iringa mambo ni tofauti kidogo: maji ya milima ya Udzungwa hugawana njia, mengine yakashika Ruaha, mengine Kilombero, kisha yakakutana tena Rufiji, kama ndugu waliogombania urithi wakaja kuonana msibani. Ruaha huyo ndiye anayejaza Mtera na Kidatu, mabwawa yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Lakini tangu mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto umekuwa ukikatika kiangazi. Lawama nyingi zimeangukia mpunga na mifugo ya Usangu, na si za bure. Ila mto hauzaliwi Usangu. Huko unapita tu.

Atasema mtu: hayo yote yamo kwenye ramani, na sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Lakini ramani huchora mto kuanzia pale ulipokwisha kuwa mto. Mlimani, chanzo ni unyevu tu chini ya majani, pahali ambapo kiatu kinazama kidogo, na mstari mmoja wa mikaratusi au kinyungu kimoja cha mahindi, yaani kishamba cha kiangazi penye unyevu, kinatosha kukinyamazisha. Mita 60 ofisini ni tarakimu. Kwa mkulima wa Iringa anayetegemea kinyungu hicho kuvuka kiangazi, mita 60 ni chakula cha watoto. Asiyetembea hapo ataamua kwa ukali usio na maarifa, au kwa huruma isiyo na maarifa, na sioni ipi kati ya hizo ni nafuu.

Pingamizi zito zaidi ni la mama mwenye mzigo wa kuni. Yeye hupanda kila wiki bila kusema anafanya matembezi, na kumwona mtu wa mjini akihema kwa raha kwenye njia hiyohiyo kunaweza kumchekesha au kumuudhi. Silipuuzi hilo. Njia nyingi tunazoziita za watalii zilichimbwa na nyayo za watu kama yeye. Ila pingamizi hilo halinishawishi kwamba sisi wengine tubaki chini. Linanishawishi kwamba tumekuwa tukipanda na mwalimu asiyefaa. Anayejua chemchemi ipi ilikauka na ipi bado inatoa ni huyo mama, wala hajawahi kuitwa kikaoni.

Kwa hiyo nawaomba madiwani na wajumbe wa bodi za maji za mabonde yote matatu, Rufiji, Rukwa na Ziwa Nyasa: kikao kimoja kwa mwaka kiacheni ukumbi. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, mfuate mgongo hadi jioni, mama huyo akiwa mbele yenu. Na posho yake iwe sawa na ya kwenu.